Begi la mgongoni kwa mwanamke mdogo: pima mgongo kabla ya bei

UKIPITA soko la Cotebu, Ngagara, kaskazini mwa Bujumbura, utayaona yakining'inia kati ya makoti na viatu vya mitumba: mabegi makubwa ya mgongoni, yale ambayo Wazungu huyatumia kupanda milima. Kitambaa kigumu, zipu imara, mifuko kila upande. Mama anayefanya biashara ya mpakani akiliona moja lenye hali nzuri, haraka huuliza bei.

Bei ni swali la pili. La kwanza ni hili: je, begi hilo lilitengenezwa kwa ajili ya mgongo wa nani?

Mengi ya mabegi hayo yalikatwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu. Mwanamke mwenye umbo dogo akilivaa, mkanda wa kiunoni unamwangukia kwenye makalio, kamba zinamteleza mabegani na mzigo wote unaning'inia shingoni. Wiki chache za safari zinatosha kumletea maumivu ya mgongo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji atakuambia begi ni jepesi, lakini atakayelibeba ni wewe.

Jambo hili si dogo kwa wakazi wa Ngagara. Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea Januari 27, 2013, biashara nyingi zilihamia masoko mengine ya jiji, Cotebu likiwamo. Aidha, tangu 2021 uhaba wa mafuta umekuwa ukijirudia nchini, na wengi wamejikuta wakitembea kwa miguu safari walizokuwa wakipanda basi. Wale waliorudi kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma, wanajua zaidi maana ya kubeba mali yako yote mwenyewe.

Kichwani au mgongoni?

Wapo watakaosema: bibi zetu walibeba kichwani, begi la nini? Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake, waliowapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya. Wajaluo walibeba kichwani. Wakikuyu walibeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Ilionekana kuwa wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada.

Hata hivyo, mzigo ulipozidi hapo, nguvu iliyotumika nayo ilipanda. Kadhalika, shingo ina kikomo chake, na si kila aliyekulia mjini au ugenini aliyefundishwa ustadi huo tangu utotoni.

Begi la mlimani lina siri nyingine, nayo ni mkanda wa kiunoni. Mmarekani Dick Kelty, aliyeanza kutengeneza na kuuza mabegi yenye fremu ya alumini mwaka 1952, ni miongoni mwa walioeneza mtindo wa kuuhamisha uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga. Mifupa ya nyonga na misuli ya miguu ni imara kuliko mabega. Mkanda ukikaa mahali pake, sehemu kubwa ya uzito huishia hapo. Usipokaa, hilo ni gunia lenye kamba tu.

Jinsi ya kupima

Urefu wa mtu haukuambii kitu. Wanawake wawili wa kimo kimoja wanaweza kutofautiana mgongo, mmoja mrefu na mwingine mfupi. Kinachopimwa ni mgongo wenyewe.

Chukua futi ya fundi cherehani na umwombe mwenzako akusaidie. Inamisha kichwa mbele. Mfupa utakaotokeza chini ya shingo ndio mwanzo. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili, juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Mstari unaounganisha vidole hivyo ndio mwisho. Mwenzako apime kutoka mfupa ule hadi mstari huo.

Ukipata chini ya sentimita 40, unahitaji saizi ndogo kabisa, ambayo huandikwa XS. Kati ya 40 na 45, tafuta S. Vipimo hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo lebo ni mwongozo tu, na kulivaa ndiyo hakika.

Wauzaji nao wazijue alama hizi, maana ni pesa. Kwenye mabegi ya Deuter, herufi SL huonyesha mkato wa kike: mgongo mfupi na kamba zilizosogeleana. Kwenye mabegi ya Lowe Alpine, ND ina maana hiyo hiyo. Yapo pia mabegi ambayo sehemu ya mgongo hupandishwa na kushushwa, na yapo ya vijana wa Ulaya yenye fremu na mkanda kamili. Mwanamke mdogo asidharau haya ya vijana. Mara nyingi ndiyo yanayomfaa. Lakini begi la shule lisilo na mkanda wa kiunoni si la mizigo mizito.

Lijaribu likiwa na mzigo

Begi tupu humkaa kila mtu. Mwombe muuzaji atie kilo saba au nane za mchele au maharage, kisha ulegeze kamba zote. Vaa, funga kwanza mkanda juu ya mifupa ya nyonga, ndipo ukaze kamba za mabega, na mwisho ule wa kifuani.

Sasa angalia. Mkanda ukiwa kwenye makalio, begi ni refu kwako. Ukiwa tumboni, ni fupi. Sponji mbili za mkanda zikigusana mbele kabla hazijabana, kiuno chake ni kikubwa mno, na hakuna kukaza kutakakosaidia. Kamba za mabega zilale begani bila kuacha nafasi, wala zisikukwaruze shingo. Tembea hatua hamsini ukiwa nalo, piga na magoti.

Kwa kuwa ni mtumba, kagua vifungo vya plastiki, mishono chini ya kamba na fremu iliyopinda. Pitisha mkono ndani: kitambaa kinachobanduka unga kimeshazeeka. Fundi mzuri anaweza kushona upya kamba au kupunguza mkanda. Kufupisha mgongo wa begi lenye fremu ni kazi nyingine. Ukiwa mrefu, liache.

Usilipe begi makosa yako

Begi zuri halifuti uzani. Wapanda milima hushauriwa mzigo wa safari ndefu usizidi asilimia 20 ya uzito wa mwili. Kwa mwanamke wa kilo 50 hiyo ni kilo 10 tu. Wafanyabiashara wengi hubeba zaidi kwa kulazimika, lakini afadhali kujua pale mwili unapoanza kudai. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa mabega. Vyepesi chini na pembeni. Mwenye mtoto mgongoni asijaribu kuvibeba vyote viwili; begi lipate mbebaji mwingine.

Basi, mama unayejiandaa kwenda Gatumba, Mugina au Kobero, usione haya kumsimamisha muuzaji Cotebu ukapima, ukavaa, ukavua, ukavaa tena. Bei utaisahau mwezi ujao. Mgongo utakuwa nao kila siku.