Kabla ya Mchambuzi, Ulizia Kikao

Ukiuza magazeti Isiolo hukawii kugundua kwamba wasomaji ni wengi kuliko wanunuzi. Gazeti linatoka Nairobi kwa gari, linapitia Nanyuki, na likifika hapa wasikilizaji wa redio wamekwisha kuhukumu. Wanasimama kibandani, wanasoma vichwa vya habari bila kutoa shilingi, kisha wanabishana. Siwafukuzi, kwa sababu kelele zao ndizo zinazomvuta mwenye pesa.

Ubishi ulipamba moto Juni 2025, habari ilipoenea kwamba MCA wetu, yaani wajumbe wa bunge la kaunti, wamembandua Gavana Abdi Guyo. Kila mtu alikuwa na mchambuzi wake, wa redioni au wa kwenye simu. Ukoo gani utanufaika? Ni mkubwa gani wa Nairobi anayemkinga? Naibu ataapishwa lini? Mambo ya maana hayo, lakini sikumsikia hata mmoja akiuliza kama kikao chenyewe kilifanyika.

Sheria ina ngazi zake. Bunge la Kaunti ya Isiolo lina wajumbe 18, kumi wa kuchaguliwa na wanane wa kuteuliwa. Gavana hang'oki mpaka theluthi mbili yao, yaani 12, waunge mkono hoja. Kisha spika wa kaunti humwarifu spika wa Seneti, na Seneti ndiyo huamua. Julai, shauri lilipofika Nairobi, upande wa gavana ulidai kwamba hakukuwa na kikao halali. Maseneta wakakubali pingamizi hilo, na shauri likaishia hapo bila mashtaka yenyewe kusikilizwa. Swali ambalo kibandani halikuwa na mwenyewe ndilo lililoamua kila kitu.

Hapo ndipo ninapoona nguvu ya vyombo vya habari. Havikulazimishi umpende huyu au umchukie yule. Vinakuchagulia la kuzungumza, na visilolichagua linakupita.

Anayechagua naye ana mwajiri. Kampuni ya Mediamax, yenye K24 na Kameme FM, inahusishwa na familia ya Kenyatta. Standard, yenye KTN, inahusishwa na familia ya Moi. KBC ni ya serikali. Redio ndogo za mashinani huishi kwa matangazo, na mara nyingi mteja wao mkubwa ni serikali ya kaunti ile ile zinayotakiwa kuikosoa.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Nchini Australia magazeti mengi ya miji mikubwa ni ya kampuni ya familia ya Rupert Murdoch. Mwaka 2020 Kevin Rudd, waziri mkuu wa zamani, alianzisha ombi kwa bunge lililokusanya sahihi zaidi ya 500,000, akitaka tume ichunguze nguvu hiyo. Lakini Murdoch hajawahi kugombea kiti. Kwetu, familia zenye vyombo vya habari zimewahi kuishi Ikulu.

Serikali nayo ina mkono wake. Januari 30, 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha kuwa rais wa wananchi Uhuru Park, televisheni za Citizen, NTV na KTN zilizimwa, na hata mahakama ilipoamuru ziwashwe zilikaa gizani siku kadhaa zaidi. Siku hizo gazeti liliniishia mapema.

Vijana walioandamana 2024 walitupa funzo jingine. Waliusoma Mswada wa Fedha wenyewe, kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa lugha za nyumbani na kusambaza majina ya wabunge kulingana na kura zao. Juni 25 bunge liliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia bungeni, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia sahihi. Hata hivyo, ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, uliokuwa ndani ya mswada huo, ulikuwa umetangazwa kuondolewa tangu Juni 18. Wiki ya kura, wateja wangu walikuwa bado wanabishania ushuru wa mkate.

Katiba imetupa njia ya kukwepa umbea. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lifanye kazi hadharani, na cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti yafanye vivyo hivyo. Hansadi, yaani taarifa rasmi ya yanayosemwa bungeni, iko kwenye tovuti ya Bunge bila malipo, na Kiswahili ni lugha rasmi mle ndani. Mzee asiyesoma anaweza kumtuma mjukuu mwenye simu.

Sisemi tuache kusikiliza wachambuzi, nitakula nini? Ila mchambuzi akikwambia mbunge wako amekusaliti, muulize ni kwa kifungu gani, siku gani, na kura zilikuwa ngapi. Akikujibu, nunua gazeti lake, na kesho urudi. Akianza kukutajia koo, endelea kusoma vichwa vya habari bure.