Fahamu: Magadheera, filamu ya Kitelugu iliyomjenga Ram Charan

Magadheera ni filamu ya mapenzi na mapigano iliyotoka Julai 2009 nchini India. Iliongozwa na S. S. Rajamouli, na nyota wake ni Ram Charan na Kajal Aggarwal.

Inahusu nini?

Harsha, kijana anayeendesha pikipiki kwa mbwembwe, anagusa mkono wa msichana asiyemfahamu na kuanza kuona matukio ya kale. Miaka 400 iliyopita alikuwa Kala Bhairava, askari aliyempenda binti wa mfalme. Wote wawili walikufa kabla ya kuoana. Sasa wamezaliwa upya, na adui yao pia.

Ilipokelewaje?

Ilijaza kumbi na kuwa filamu ya Kitelugu iliyoingiza fedha nyingi zaidi kufikia wakati huo. Kilichosifiwa zaidi ni picha za kompyuta na pambano la Bhairava dhidi ya askari 100. Ilishinda Tuzo za Taifa za India kwa madoido maalumu na kwa upangaji wa dansi. Mwaka 2018 ilionyeshwa Japani.

Kwa nini ina umuhimu?

Ilikuwa filamu ya pili tu ya Ram Charan, na ilimpa umaarufu mkubwa. Rajamouli naye aliendelea na hadithi za kifalme katika filamu za Baahubali. Mwaka 2022 wawili hao walikutana tena katika RRR, ambayo wimbo wake Naatu Naatu ulishinda Oscar mwaka 2023. Mtunzi wa muziki wa filamu zote hizo ni M. M. Keeravani.