Maneno matamu mkutanoni: jinsi ya kuyasema na jinsi ya kuyapima

Leo tunazungumzia balagha. Wengi tulikutana na neno hili shuleni tulipofundishwa "swali la balagha", yaani swali linaloulizwa bila kusubiri jibu. Maana yake ni pana kuliko hapo. Balagha ni ufundi wa kutumia maneno ili anayesikiliza akubaliane nawe, abadili mawazo au achukue hatua.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu mambo makubwa ya kijiji huamuliwa kwa maneno. Kisheria, kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano huo haujaridhia. Kwa hiyo anayejua kuzungumza siku hiyo anaweza kubadili maisha ya kijiji kizima, kwa heri au kwa shari.

Njia tatu za kushawishi

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alieleza kuwa msemaji hushawishi kwa njia tatu: watu wamwamini, maneno yake yaguse hisia zao, na hoja yake iwe na sababu.

Tuchukue mfano wa pampu ya kisima iliyoharibika. Mtu akisimama na kusema, "Ndugu zangu, mnanifahamu, nilipokuwa kwenye kamati ya maji mapato na matumizi yalisomwa mbele yenu," anajenga imani. Akisema, "Watoto wetu wanachelewa shule kwa kufuata maji mbali," anagusa hisia. Akisema, "Fundi ametaja bei hii, kaya zetu ziko kadhaa, kila kaya ikitoa kiasi hiki inatosha," anatoa hoja. Zote tatu zikikutana, mkutano humwelewa haraka.

Mwalimu Nyerere aliujua ufundi huu. Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, hakuwaachia wananchi hasira peke yake. Aliwaeleza kwamba uwezo upo, sababu ipo na nia ipo. Ni mambo matatu mafupi, na mtu aliweza kuyakumbuka na kumsimulia jirani. Mpaka leo wazee wetu wanayataja.

Huyohuyo Mwalimu alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na tafsiri hiyo ilichapishwa mwaka 1963. Humo Brutus anawaeleza watu wa Roma kwa nini Caesar ameuawa, nao wanamshangilia. Kisha anasimama Antony, analia, anawaonyesha maiti na kuwatajia wosia wa marehemu. Watu walewale, muda mfupi tu baadaye, wanaondoka kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Hakuna aliyeomba muda wa kufikiri.

Ahadi za mibono Kisarawe

Hatuna haja ya kwenda mpaka Roma. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Sun Biofuels kutoka Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 wilayani Kisarawe, ardhi iliyotoka katika vijiji 11, kwa mkataba wa miaka 99. Ilikusudia kulima mibono ya kutengenezea mafuta. Wanakijiji walieleza kuwa waliahidiwa ajira, visima, barabara, shule na zahanati.

Mamia ya watu waliajiriwa kweli. Lakini mwaka 2011 mradi ulikwama na wafanyakazi wakapoteza ajira. Ardhi ilikuwa imeshatoka mikononi mwa vijiji, na wanakijiji walilalamika kuwa huduma nyingi walizoahidiwa hawakuziona.

Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Hawakusema maneno matamu ni mabaya. Ahadi ya zahanati inagusa hisia kwa haki kabisa, hasa kwa mama anayetembea na mtoto mgonjwa. Shida huanza pale hisia zinapobeba uamuzi wote, na ahadi ikabaki mdomoni.

Maswali manne ya kumuuliza msemaji

Awe mwekezaji, dalali wa viwanja, mgombea au mtu wa kikundi cha kukopeshana, muulize hivi:

1. Je, ahadi hii imeandikwa kwenye mkataba? Tusomewe kifungu chake kwa Kiswahili.
2. Hicho kiasi unachotaja kimetoka wapi, na nani mwingine anaweza kukithibitisha?
3. Mambo yakiharibika, nani anabeba hasara, na ardhi au fedha zetu zitarudije?
4. Kwa nini iwe leo? Anayekataa usiende kushauriana nyumbani ana sababu zake.

Kuuliza si utovu wa adabu. Anza na salamu, mshukuru mwenyekiti kwa nafasi, mwite mgeni kwa heshima, kisha uliza. Omba swali na jibu viandikwe kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata uombe muhtasari usomwe. Jibu lililoandikwa ni gumu kulikana.

Na wewe ukitaka kusikilizwa

Chagua jambo moja. Eleza linakugusa vipi, toa sababu mbili au tatu, halafu taja unachoomba mkutano uamue. Methali moja inayolingana na jambo inatosha. Zikizidi, watu hucheka na kusahau hoja. Kama kusimama mbele ya watu kunakutia hofu, jizoeze nyumbani kwa sauti, au kubaliana na wenzako wawili kila mmoja aseme kipande chake. Mara nyingi kina mama na vijana wana hoja nzito zinazosemwa njiani baada ya mkutano, wakati uamuzi umeshapita.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Muulize mtendaji wa kijiji chako unaofuata ni lini, na ajenda zake ni zipi. Ukizijua mapema, utakuwa na muda wa kuandaa maneno yako, na wa kupima ya wengine.