Mwalimu wa Lugha ya Mamake

Kijana wetu wa Pwani aendapo Marekani kufundisha Kiswahili huona kazi ni nyepesi. Lugha si aliinyonya kwa mamake? Huwaambia wanafunzi, “Tuonane kesho saa mbili.” Asubuhi yeye yu darasani peke yake, wao huja baada ya adhuhuri! Wakicheka, hucheka nao.

Kisha mmoja humwuliza: “Kitabu ni neno la Kiarabu, na wingi wake huko ni kutub. Hiyo vitabu imetoka wapi?” Kijana huduwaa. Chuoni alisoma vitabu, asijue kwamba wazee wetu walilivika neno la wageni kanzu ya kwetu.

Safari hii si ngeni. Amur bin Nasur wa Unguja alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili mwaka 1891. Apelekaye lugha ugenini, msomaji mpenzi, hutoka mwalimu akarudi mwanafunzi. Na hilo si aibu, ni elimu.