Jeki, Mchanga na Gari la Mbio
Iwapo unaishi Malindi, Watamu au Kilifi na una gari dogo la mbio, mathalani Datsun 240Z, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, bila shaka unajua kwamba adui wake ni chumvi. Upepo wa bahari huila bodi kutoka chini, mahali usipotazama. Kuosha huko chini kwa maji matamu na kukwangua kutu ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe nyumbani.

Hatari ni jeki. Gari hilo limekaa chini mno, hivyo huna budi kuliinua, na nyua nyingi za pwani ni mchanga mtupu. Jeki hudidimia upande mmoja, gari likateleza. Tandika ubao mnene na mpana chini ya jeki, zuia magurudumu yaliyobaki chini, kisha liegemeze gari juu ya stendi za chuma, nazo zikalie ubao. Usiegemeze gari juu ya jiwe la tumbawe, lile la kujengea: huweza kupasuka ghafla wewe ukiwa chini. Watoto nao wakae mbali. Fundi wa mtaani huenda akakucheka kwa tahadhari zote hizi, mwache acheke.

Ukishakwangua, paka rangi ya kuzuia kutu siku iyo hiyo, kabla ya umande wa usiku.