Tijara ya Kalsiamu Mjini Mwanza

Mtu akitaka kujua ni kiasi gani cha madini ya kalsiamu kinachopita mjini Mwanza kwa siku moja, asianzie katika maduka ya dawa yaliyo karibu na kilima cha Bugando, bali ateremke kwanza mpaka Mwaloni Kirumba, ambako magunia ya dagaa hupakiwa katika malori yaendayo Kongo, Rwanda, Burundi na hata Zambia. Kisha apite penye kuuzwa mapanki, yaani vichwa na miiba ya sangara ambaye minofu yake imekwisha kuondolewa viwandani na kupelekwa ng'ambo. Baada ya hapo ndipo apande Bugando akatazame rafu. Atatambua kwamba mji huu ni tajiri wa kitu kile kile unachokinunua kwa bei ya juu ndani ya vichupa vilivyotoka mbali.

Mteja aliyenifanya nilitazame jambo hili kwa makini ni mgeni katika soko letu. Ni mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito: ama amekatwa sehemu kubwa ya tumbo hata lililobaki likawa jembamba kama mrija, ama chakula chake kimetengenezewa njia ya mkato inayoiruka sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Zamani mwenye kuitaka tiba hiyo aghalabu alikuwa hana budi kukata tiketi ya India. Siku hizi Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, huitoa hapa hapa nchini, sambamba na huduma ya kuwekewa puto tumboni. Wahitaji nao hawaelekei kupungua, kwani utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 uliwakuta wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa wakiwa na uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia, na mijini idadi hiyo ilikuwa kubwa kupita vijijini.

Upasuaji ni gharama ya siku moja, ijapokuwa ni kubwa. Mifupa ni gharama ya umri mzima, na hii ya pili ndiyo isiyoandikwa katika hesabu ya mwanzo. Mgonjwa aliyepasuliwa Dar es Salaam au ng'ambo hurejea Mwanza na mfuko wa vidonge vya miezi michache, akiwa na furaha ya kuona nguo zake zinampwaya, na vidonge vile vikimalizika huanza kutegemea kile atakachokikuta dukani. Hapo ndipo tijara ya mji wetu inapoitwa kutoa ushahidi wa ustadi wake, na kwa hakika ushahidi huo bado ni dhaifu.

Sababu za mifupa kupungua baada ya upasuaji si moja. Kalsiamu hufyonzwa kwa wepesi zaidi katika ile sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ambayo katika upasuaji wa njia ya mkato chakula hakiipitii tena. Tumbo lililopunguzwa hutoa asidi haba. Mlaji mwenyewe hushiba kwa vijiko vichache. Na vitamini D, ambayo huyeyuka katika mafuta, nayo hufyonzwa kwa taabu. Damu ikipungukiwa na kalsiamu, tezi nne ndogo za shingoni huamuru ikopwe mifupani, na mkopo huo mwili hauna njia ya kuulipa maadamu chakula hakitoshi. Tena mwili uliokuwa na kilo 130 ukishuka hadi 80, mifupa hupoteza ule uzito uliokuwa ukiishurutisha kuwa imara. Watafiti wa jimbo la Quebec nchini Kanada, waliotangaza kazi yao mwaka 2016 baada ya kufuatilia habari za watu zaidi ya 12,000 waliofanyiwa upasuaji wa namna hii, waliona kwamba walivunjika mifupa mara nyingi kuliko wenzao ambao hawakupasuliwa. Lakini mwaka huo huo jaribio la Vienna, Austria, lilionyesha kwamba waliopewa vitamini D, kalsiamu na protini, na kutakiwa kufanya mazoezi ya viungo, walipoteza mifupa kidogo kuliko wasiopewa. Hasara haikukoma kabisa, lakini ilipungua, na kupungua huko ndiko kunakoweza kununuliwa, ikiwa bidhaa ni sahihi na mnunuzi anaelezwa ukweli wake.

Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa fani hii, wa mwaka 2016, huagiza miligramu 1,200 hadi 1,500 za kalsiamu kwa siku kwa mtu aliyefanyiwa aina hizo mbili za upasuaji, kutoka katika chakula na vidonge kwa pamoja, zigawanywe mafungu badala ya kumezwa kwa mkupuo, kwa kuwa mwili hauwezi kupokea vema zaidi ya miligramu 500 au 600 kwa wakati mmoja. Juu ya hizo huongezwa vitamini D3, yuniti 3,000 kwa siku, mpaka kipimo cha damu kithibitishe kwamba inatosha. Ni maagizo mepesi kuyasoma. Ugumu huanza pale mteja anapoyafikisha kaunta.

Chukua vichupa viwili kutoka rafu moja. Cha kwanza kimeandikwa kaboneti ya kalsiamu, miligramu 1,250. Cha pili sitreti ya kalsiamu, miligramu 1,000. Katika kidonge cha kwanza kalsiamu yenyewe ni miligramu 500, na katika cha pili ni 210 tu, kwa maana katika kila kimoja madini yamefungamana na kitu kingine chenye uzito wake. Anayetaka miligramu 1,000 za kalsiamu kutoka vidongeni atameza viwili vya kichupa cha kwanza, au karibu vitano vya kile cha pili. Kwa hesabu hiyo peke yake kaboneti ni rahisi mno, na mwenye matumbo kamili hana sababu ya kuikataa, mradi aimeze pamoja na chakula. Lakini kaboneti huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, na asidi ndiyo aliyopunguziwa mteja wetu. Sitreti haiihitaji, na huweza kumezwa tumbo likiwa na chakula au likiwa tupu. Basi anayelinganisha bei ya kichupa kwa kichupa halinganishi kitu, na muuzaji anayemwambia kwamba vyote ni dawa ya mifupa, achague kilicho nafuu, amemuuzia kidonge na kumnyima maarifa ambayo ndiyo nusu ya thamani yake.

Zaidi ya hayo, mteja huyu humeza madini ya chuma pia, kwa sababu upasuaji huo huo humletea upungufu wa damu, na chuma na kalsiamu vikiingia pamoja huzuiana. Sharti vitenganishwe kwa muda wa saa mbili hivi. Kadhalika vidonge vya mchanganyiko wa vitamini, ambavyo wengi huvitegemea wakidhani vimekusanya kila kitu, huwa na kalsiamu haba mno, kwani madini haya yana ujazo mkubwa usioenea katika kidonge kimoja pamoja na wenziwe. Mambo haya hayahitaji daktari bingwa kuyaeleza. Mfamasia aliye kaunta ayajua au aweza kuyasoma kwa jioni moja, naye ndiye anayemwona mteja kila mwezi, ilhali daktari aliyempasua yuko mbali.

Kwa nini basi sitreti haionekani kwa urahisi kama kaboneti? Jibu ni la kibiashara kabisa, wala si la kulaumiana. Sehemu kubwa ya dawa za nchi hii huagizwa ng'ambo, huingilia Dar es Salaam, na kupanda kuja Kanda ya Ziwa kwa barabara. Bohari ya Dawa ina ghala lake la kanda hapa Mwanza, lakini wajibu wake wa kwanza ni dawa muhimu za hospitali na zahanati za umma. Bidhaa ya wateja wachache huachiwa wauzaji wa jumla wa binafsi, nao huogopa kwa haki kabisa kitu kinachokaa rafuni mpaka tarehe yake ikapita. Mwenye famasi akiwa hajui kwamba mjini mna watu kumi wanaokihitaji kichupa hicho kila mwezi kwa maisha yao yote, hakiagizi. Na watu hao kumi wasipokikuta, kila mmoja huhangaika kivyake, akimwagizia ndugu aliye Dar es Salaam au msafiri wa India. Lau wangeandikishwa, kwa siri na hifadhi inayostahili habari za wagonjwa, mahitaji yao ya robo mwaka yangejulikana kabla ya oda kupelekwa. Na eneo la soko hilo limepanuka, kwani tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, mtu wa Sengerema au Geita huja Mwanza bila ya kungoja kivuko.

Pale famasi inaposhindwa, huingia mchuuzi wa virutubisho, anayezunguka maofisini na katika semina akiuza kwa ushuhuda: fulani alikuwa hapandi ngazi, leo anapanda. Kwa ajili ya mgonjwa wetu, huyu namwogopa kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu kichupa chake aghalabu hutaja mimea na kuahidi mengi, na hakisemi wazi ni miligramu ngapi za kalsiamu zilizomo. Mwaka 2019 iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, iligeuzwa kuwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na usimamizi wa vyakula ukahamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe ni hili: bidhaa hii imesajiliwa kama dawa au kama chakula, na namba yake iko wapi?

Juu ya vitamini D watu wa Ziwa hujiona wametosheka, kwa kuwa jua tunalo tele. Ni kweli kwamba utafiti uliotangazwa mwaka 2012 juu ya Wamasai na Wahadzabe uliwakuta na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango kizuri sana. Lakini Mhadzabe hukaa nje mchana kutwa. Karani wa benki hayuko hivyo, na mtu mnene hata akikaa juani, vitamini hiyo hujificha katika mafuta yake. Apimwe damu, asikisie.

Narejea mwaloni, kwa kuwa upande huu wa tijara ndio ulio wetu wenyewe. Dagaa huvuliwa usiku wakati wa giza, mwezi usipoonekana, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za umeme wa jua. Alfajiri huanikwa, na jua likiwa kali hukauka siku hiyo hiyo. Hapo ndipo bei inapogawanyika njia mbili. Aliyeanikwa juu ya chanja hubaki na rangi ya fedha, mwili mzima usiokatika, na mnunuzi akimtafuna mmoja hasikii mchanga menoni: huyo ni dagaa wa chakula. Aliyeanikwa chini mchangani, au aliyenyeshewa na mvua ya masika akageuka rangi ya udongo, huwa dagaa wa kuku, na hununuliwa na wasagaji wa vyakula vya mifugo. Wasagaji hao wanajua vizuri ni kiasi gani cha chokaa, mifupa iliyosagwa na dagaa kinachohitajiwa na kuku wa mayai, wala hawakisii. Hicho ndicho kiwango cha ustadi ninachotamani mwanadamu naye apewe.

Dagaa huliwa na miiba yake, na kwa sababu hiyo gramu 100 za dagaa mkavu zina kalsiamu inayozidi mara nyingi ile ya maziwa, ambayo ni miligramu 120 hivi kwa gramu 100. Mna protini pia, ambayo mgonjwa huyu huhitaji si chini ya gramu 60 kwa siku. Mnofu wa sangara, kwa upande wake, ni protini bila ya mifupa. Tulipofungiwa soko la Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990, mji huu ulijifunza upesi thamani ya usafi: viwanda vilipangwa upya, ukaguzi ukakazwa, na leo Nyegezi ina maabara ya taifa ya kupimia ubora wa mazao ya uvuvi. Yote hayo yalifanywa kwa ajili ya mnofu wa mlaji wa mbali. Dagaa wa mlaji wa karibu aliachwa mchangani, na sioni sababu ya haki iliyomwacha huko.

Wala sisemi kwamba dagaa atachukua mahali pa kidonge. Aliyekatwa tumbo hawezi kula dagaa wa kumfikisha kwenye miligramu 1,500, na kumshauri aache sitreti yake ni kumdhulumu. Wala mtu asikimbilie kusaga mapanki au mifupa ya ng'ombe na kuiuza kwa jina la kirutubisho, kwa kuwa mifupa huhifadhi risasi na sumu nyinginezo za metali, na unga wa mifupa uliokuwa ukiuzwa katika nchi za Magharibi ulikwisha kukutwa nazo. Ninalosema ni kwamba mwongozo wenyewe huhesabu chakula pamoja na vidonge, na kila miligramu itokayo sahanini ni kidonge kilichopunguzwa katika bili ya mwezi.

Mtu aliyetoka kupasuliwa hula vitu laini kwa majuma kadhaa, na nyama ngumu humkwama. Unga wa dagaa waliokaushwa juu ya chanja, waliochambuliwa, wakasagwa laini na kutiwa katika uji au mchuzi, wamfaa sana, kama unavyomfaa mtoto na mzee. Unga huo wasagwa kwa kiasi kidogo na vikundi vya akina mama pande za Ziwa, ukauzwa katika mifuko isiyo na maandishi zaidi ya jina na namba ya simu. Kitakachoufikisha kwenye rafu ya famasi, kando ya kile kichupa cha sitreti, ni mtaji wa chanja na mashine ya kusagia inayooshwa, sampuli ya kila shehena kupelekwa maabara, alama ya TBS, na mstari mmoja uliopigwa chapa nyuma ya pakiti, ukisema kijiko kimoja kina miligramu ngapi za kalsiamu.