Talladega 1969: siku mashofere walikataa kazi ya hatari



Siku ya mapumziko, wengi wetu tunakaa mbele ya televisheni. Mara zinapita zile mbio za motokari za Marekani, zinazozunguka kwenye barabara ya mviringo kama yai na kukata kona paka upande wa kushoto. Watoto wanauliza: "Papa, banazunguka vile mupaka wapi?" Tunacheka. Lakini ndani ya mchezo ule kuna habari moja inayotuangalia sisi watu wa mgodi.

Kwanza tujue kazi yenyewe. Uwanja wa Talladega uko katika jimbo la Alabama. Mzunguko mmoja ni karibu kilometa 4,3. Kwenye kona barabara imeinuka digri 33, hata kusimama pale kwa miguu ni taabu. Kwa sababu ya mwinamo ule, shofere anapita kona bila kupunguza mwendo sana. Motokari zinaenda kwa kundi, pua ya moja karibu na mkia wa nyingine, kwa sababu ile ya mbele inapasua upepo na ya nyuma inafaidika. Moja ikiteleza, inabeba na wenzake. Ni kama ndani ya galeri: kosa la mmoja linaangukia wote.

Uwanja ule ulifunguliwa mwezi wa 9 mwaka wa 1969. Mwenyewe alikuwa Bill France, yule yule aliyeanzisha NASCAR, shirika linalosimamia mbio. Yaani mwenye uwanja na mwenye kutunga sheria walikuwa mtu mmoja. Tayari mwaka wa 1961 shofere Curtis Turner alijaribu kuleta sendika; France alimfukuza maisha yote, akamrudisha tu mwaka wa 1965. Lakini mashofere hawakusahau. Mwezi wa 8 wa 1969 walijikusanya upya, wakamchagua Richard Petty, bingwa mkubwa wa wakati ule, kuwa mkubwa wa sendika yao.

Wakafika Talladega. Kwenye majaribio motokari zilikaribia kilometa 320 kwa saa, na mapine, ile mipira ya magurudumu, yalianza kupasuka na kumenyeka. Kampuni moja ya mapine iliona hatari, ikajitoa. Mashofere waliomba kitu kimoja: mbio zisogezwe mbele mpaka mapine mazuri yapatikane. France akakataa. Aliingia yeye mwenyewe ndani ya motokari, mzee wa miaka 59, akazunguka ili kuonyesha kwamba barabara ni salama.

Sisi tunalijua jambo lile. Mkubwa anashuka chini, nusu saa, kofia mpya kichwani, anapigwa picha, kisha anasema hakuna shida. Lakini kuzunguka peke yako, pole kidogo, si sawa na kushindana kilometa 800 katikati ya kundi.

Jumamosi tarehe 13, mashofere zaidi ya 30 walipakia motokari zao wakaenda. Hapo njo panauma. Kesho yake mbio zilifanyika. France alijaza nafasi kwa motokari ndogo za mashindano mengine na mashofere wachache waliobaki. Richard Brickhouse, kijana aliyekuwa anatafuta nafasi, alitoka katika sendika, akakimbia, akashinda. Hakushinda tena mbio za daraja lile. Hatumtukani, mwenye njaa anajua njaa yake. Siku ile hakuna aliyekufa, na patro akaonekana ana haki. Baadaye kila shofere aliombwa kuahidi kwa maandishi kwamba akijiandikisha atakimbia. Baada ya miaka michache sendika ile ikazimika.

Lakini hatari haikusaini karatasi yoyote. Mwaka wa 1987, pale pale Talladega, pine ya Bobby Allison ilipasuka, motokari ikaruka juu, ikararua wavu wa kulinda watu, watazamaji wakaumizwa. Baada ya pale injini zilipunguziwa upepo ili mwendo ushuke.

Mwezi wa 5 wa 2000, Adam Petty alikufa akifanya mazoezi kwenye uwanja mwingine. Alikuwa na miaka 19. Ni mjukuu wa yule Richard Petty aliyeongoza mgomo. Tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka wa 2001 ikawa zamu ya Dale Earnhardt, bingwa mara saba, kwenye kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho kule Daytona. Mfupa wa chini ya fuvu ulivunjika. Kifaa cha kushikilia kichwa na shingo kilikuwako tangu miaka mingi, lakini hakikulazimishwa, na yeye hakukivaa. Mwezi wa 10 wa mwaka ule kikawa lazima kwa wote. Kisha kuta zikavikwa vyuma vinavyopokea kishindo. Tangu siku ya Earnhardt, hakuna shofere aliyekufa tena katika mbio za daraja la juu kule.

Kwa hiyo iliwezekana. Kilichokosa ni kusikiliza mapema.

Kwetu pia, kwenye kampuni moja, tuliandika mara tatu juu ya breki za kamio moja. Shofere alikataa kuipanda, peke yake. Kesho yake mwingine alikaa mahali pake. Breki zilitengenezwa baada ya ajali, na kijana yule hatembei vizuri mpaka leo. Tulikuwa wapi sisi wengine? Tulinyamaza, kila mtu aliwaza mkataba wake.

Wandugu, mambo ni mawili. Kofia, mkanda na viatu ulivyopewa, vaa, hata kama uko na miaka 20 ya kazi. Earnhardt alikuwa fundi kuliko wengi. Na mwenzako akisema chombo hiki ni kibaya, usikubali kukaa mahali pake mbele hakijaangaliwa. Mita delege wa sendika, muandike, musaini wote.

Wamama, nanyi muulize jioni: "Leo mulitumikia chombo gani?" Swali lile linaweza kumurudisha baba nyumbani.